Ulikuwa Wapi Maji Yalipofurika?

Kaloleni, Voi
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa dada yangu mpendwa Nasimiyu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi jekundu. Mimi mdogo wako ni mzima, isipokuwa jino moja la nyuma linalonisumbua nikinywa chai moto. Mko aje huko nyumbani? Miguu ya Mama imepungua uvimbe, au bado anakataa kwenda kliniki akisema ni baridi tu? Mahindi yametoka? Hapa tulipata manyunyu siku mbili, tukashangilia kama watoto, kisha jua likarudi kazini kwake. Na binti yangu Nafula? Uliandika kwamba ameng'oka meno mawili ya mbele. Nimejaribu kumwona akilini bila meno nikashindwa, nikabaki nacheka peke yangu kazini mpaka Kilonzo akaniuliza kama nimepata barua ya mchumba.

Barua yako ilifika Jumanne. Uliniuliza jambo moja tu, ukalipigia mstari chini: "Wafula, niambie ukweli, nyumba ikoje? Shule zinafungua Januari. Nimwandikishe mtoto huku, au nimlete kwako?" Nimekaa na swali hilo siku tano. Zamani ningekujibu siku ile ile kwamba nyumba ni safi, mlete. Ndivyo nilivyokujibu kabla ya Pasaka.

Ngoja niyaandike ya Pasaka kwa mkono wangu, maana mpaka leo sijawahi kuyasema kwa mdomo wangu. Siku moja kabla hujafika na Nafula, nilikusanya vyombo vyote vichafu, sahani za wiki mbili, vikombe, sufuria yenye ukungu, nikavitia ndani ya lile sanduku la mbao la marehemu mama yake Nafula, nikalisukuma chini ya kitanda. Nikafagia, nikatandika. Ukaingia ukasema, "Kumbe unaweza!" nami nikavimba kichwa. Kesho yake mtoto akaenda kutafuta leso za mama yake ndani ya sanduku. Akakuta kikombe, akachota maji kwa kikombe hicho akanywa. Siku mbili alitapika na kuharisha, na wewe ukalala naye hospitalini kwenye benchi. Nilipombeba kurudi alikuwa mwepesi kama nguo iliyokauka. Sijausahau uzito ule.

Nilidhani utanigombeza. Hukunigombeza. Pale stesheni, ukiwa umeshaingia behewani naye, uliniambia kupitia dirishani, "Wafula, simchukui kwa sababu nyumba ilikuwa chafu. Namchukua kwa sababu ulinificha." Halafu gari likaondoka, nami nikarudi nyumbani nikakaa kitandani na viatu miguuni mpaka jua likatua.

Kwa hiyo barua hii itakuwa ndefu. Kama una kazi jikoni, imalize kwanza.

Unajua kazi yangu. Taa za ishara za reli ndizo mkate wangu. Napanda nguzo, nafungua, nasafisha, nafunga, na tangu niajiriwe skrubu hata moja haijabaki mkononi. Msimamizi wetu huwaambia wageni, "Huyu Wafula ni mtu wa makini." Nikirudi Kaloleni, mtu huyo wa makini anabaki nje ya geti, anaingia mwingine. Huyo mwingine anaona sahani, anajua zinataka kuoshwa, anaenda kuchukua maji. Njiani anaona ufagio, anakumbuka mlangoni hakujafagiwa. Anafagia nusu. Kwenye takataka anaona msumari mzuri, anakumbuka kiti kinachocheza. Anaenda kutafuta nyundo, na nyundo iko ndani ya boksi la redio mbovu ya jirani. Basi. Jioni utakuta redio imetapakaa mezani, kiti bado kinacheza, ufagio umelala katikati ya ua, na sahani ziko pale pale. Na hiyo ndiyo siku nzuri, siku ambayo angalau nimesimama. Siku nyingine najiambia inuka, nasikia vizuri kabisa, na siinuki.

Nilijiita mvivu. Kanisani waliniambia ni majonzi, nikakubali, maana majonzi yapo kweli. Lakini wewe unajua nilikuwa hivi hata kabla ya kuoa.

Sasa nikueleze kilichotokea mwezi wa sita. Ploti yetu ya wapangaji ina mfereji mmoja uani, karibu na mlango wangu. Maji ya hapa yana siku zake na saa zake. Unaweza kufungua mfereji asubuhi nzima unakohoa hewa tu, halafu yanakuja kwa kishindo bila hodi. Ndiyo maana ploti ina sheria moja ambayo hata watoto wanaijua: ukifungua mfereji mkavu, unakaa hapo hapo na debe lako mpaka maji yaje au uufunge. Jumamosi hiyo nilifungua, nikaweka debe, nikakaa. Nikakumbuka debe la pili liko ndani. Nikaingia. Mezani kulikuwa na saa ya mzee wa kanisa aliyoniomba niitazame, na nilipoitikisa ikalia kidogo halafu ikanyamaza. Nikataka kujua kwa nini imelia.

Upande wa pili wa ua anakaa Mama Mghoi, mama mtu mzima kutoka Mghange kule milimani. Aliteremka kukaa na mwanawe aliyepata kazi hapa mjini. Mikono yake haipumziki, anasuka vikapu vya mkonge. Siku hiyo alikuwa ametandaza nyuzi zake uani zikauke. Alizisokota mwenyewe pajani, uzi mmoja mmoja, kwa wiki tatu, akazitia rangi, akaenda dukani. Maji yakaja. Yakajaza debe, yakamwagika, yakachukua ule udongo mwekundu wote, yakapita juu ya nyuzi.

"Baba Nafula! Baba Nafula wee! Hebu toka nje uone dunia!"

Nikatoka na bisibisi mkononi. Ua ulikuwa tope tupu. Mama Mghoi alikuwa ameinua uzi mmoja, anautazama, na huwezi kujua tena ulikuwa wa zambarau au wa kijani. Nikajiandaa kutukanwa. Akaniuliza, "Ulikuwa wapi?"

"Ndani, Mama."

"Ndani najua. Mlango uko wazi, nimeona mgongo wako. Maji yanalia shaaa, mimi nimeyasikia kutoka barabarani. Wewe uko hatua kumi. Nauliza, ulikuwa wapi?"

Dada, swali hilo sikuwahi kuulizwa. Watu wote huniuliza kwa nini. Kwa nini hukuosha, kwa nini uliacha katikati. Mimi sababu sina, kwa hiyo natunga, na nikitunga naonekana mwongo. Huyu mama hakutaka sababu. Alikuwa ananitazama kama mtu anayetaka kweli kuonyeshwa mahali. Nikamwambia, "Nilikuwa ndani ya saa, Mama. Sikusikia chochote." Akaitikia kwa kichwa polepole, kama nimemwambia jina la kijiji anachokifahamu.

Nikamwambia nitamsokotea nyuzi nyingine. Akaitazama mikono yangu akacheka. "Mikono hii ya spana? Nitasokota mwenyewe. Lakini nitasokotea hapa mlangoni kwako, karibu na mfereji, maana wewe na maji siwaamini."

Jumatatu nilipotoka kazini nikamkuta mlangoni kwangu kweli, amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo, mkonge pajani. Nikaona aibu kumpita nikalale. Nikaanza kuosha sahani ili nionekane nina shughuli. Nikaziosha zote. Nikasugua sufuria. Nikafagia vyumba vyote viwili, nikafuta meza, na nilipotafuta kitu kingine cha kufanya nikakuta hakuna. Nikasimama katikati ya nyumba na kitambaa mkononi nikiwa nimeshangaa. Hata hakuwa amegeuka kunitazama!

Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu hakuja, alikuwa na mkutano wa akina mama kanisani, na mimi sikuosha hata kijiko.

Hapo ndipo nilipoanza kuwashwa na akili. Taa isipowaka, hupigi nguzo teke. Unabadilisha kitu kimoja, unaacha vingine vilivyo, unaangalia. Basi nikafanya hivyo na nafsi yangu. Nikajiuliza, je, ni aibu? Nikamwomba Mama Mghoi akae upande wake wa ua, mbali, asiweze kuona ninachofanya, mradi mimi nimwone. Nikafanya kazi. Basi si aibu. Je, ni sauti ya mtu tu? Nikafungua redio, mtangazaji akaongea weee, nikakaa nikamsikiliza. Siku moja Mama Mghoi alisinzia, uzi mkononi, mdomo wazi. Mwanzoni niliendelea kuosha, lakini mikono yake ilipolala kabisa, baada ya muda nikajikuta nimesimama namtazama nzi. Siku nyingine tukapiga hadithi, akanieleza habari za ndovu waliovunja bomba la maji wakati wa kiangazi, ikawa tamu sana, na sahani zikabaki kwenye karai. Kwa hiyo kusimuliana hapana. Kinachotakiwa ni mtu aliye karibu, anayefanya kazi yake mwenyewe, na haniulizi kitu.

Nilipomwambia nilichogundua nilidhani atashangaa. Akasema, "Hilo tu? Kwetu Mghange mwanamke hakai na gunia la maharagwe peke yake. Unabeba kazi yako unaenda kwa mwenzako. Yeye anapukuchua, wewe unasuka. Kesho anakuja kwako. Hamsaidiani, kila mtu ana yake."

"Sasa kama hamsaidiani, mnaenda kufanya nini?"

"Kukaa! Mtu peke yake na gunia anaanza kutazama mawingu. Nyinyi watu wa treni mnafungiana milango, halafu mnashangaa."

Nikamuuliza kama watu wote wa kwao wako kama mimi. Akafikiri. "Wengine kidogo, wengine sana. Mume wangu alikuwa sana. Akianza kujenga ukuta, mwezi ujao unamkuta anachimba shimo la ndizi na ukuta umefika magotini. Tulimwita mvivu. Mimi mwenyewe nilimwita. Akafa tukimwita hivyo." Akasokota uzi mrefu kuliko kawaida. Mimi nikaosha sufuria iliyokuwa safi tayari.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa juu ya nguzo upande wa reli ya Taveta. Nikatazama chini kuomba spana, nikamwona Kilonzo. Nimekwambia habari za Kilonzo, yule Mkamba mnene anayefanya kazi nami. Alikuwa ameshika ngazi, anatafuna kijiti, anatazama mbali kwenye mashamba ya mkonge. Haongei. Haniangalii. Sheria ya kazi yetu ni kwamba hakuna anayepanda peke yake, lazima chini kuwe na mwenzako. Miaka sita nimepanda nguzo na katika miaka hiyo yote sijapanda peke yangu hata siku moja. Nikasahau spana. Nikabaki nimeshikilia nguzo.

"We Wafula, umepatwa na kizunguzungu?"

"Hapana. Kilonzo, wewe ndiye unayenifanya niwe mtu wa makini."

"Mimi nashika ngazi tu," akasema. "Shuka kama umeshaungua na jua."

Unaona, Dada? Siku zote nilidhani mimi ni watu wawili, mchapakazi wa kazini na mvivu wa nyumbani, na nilimchukia huyo wa pili. Kumbe ni mmoja tu, ila nyumbani hana wa kumshikia ngazi. Halafu nikakumbuka tulipokuwa wadogo kule Nakuru, kwenye nyumba za reli. Nikitakiwa kusugua sakafu, Mama alikuwa anakuambia, "Nasimiyu, kaa hapo mlangoni na kitabu chako mpaka amalize." Wewe ulidhani unanilinda nisitoroke, ukakasirika kwa sababu wenzako walikuwa wanacheza. Mimi nilikuwa nasugua mpaka kona. Sijui kama Mama alijua alichokuwa anafanya. Muulize, kisha uniandikie alivyojibu, nataka sana kujua.

Na mama yake Nafula. Hili lilinichoma nilipolifikia. Watu husema aliniharibu kwa kunifanyia kila kitu. Si kweli. Alipokuwa hai nilikuwa nachota maji, napiga pasi, napasua kuni, namwogesha mtoto. Alikuwa anapika, nami niko pale pale kwenye shughuli yangu, hatuongei sana. Alipofariki nilipoteza mke, na pia nikapoteza uwezo wa kuosha kikombe, na sikujua kwamba mambo hayo mawili yanahusiana. Ningejua, pengine nisingejitukana sana.

Usifikiri hadithi imeishia hapo nikashinda. Mwezi wa tisa Mama Mghoi alipanda kwao kuvuna maharagwe, wiki tatu. Aliniambia, "Sasa tutaona." Siku nne za kwanza zilikuwa mbaya. Siku ya nne nilikula mkate nimesimama kwa sababu hakukuwa na sahani safi wala mahali pa kukaa pasipo na nguo. Nilishika sufuria nikataka kuiosha, nikashindwa hata kuizamisha majini, nikalia. Mwanamume wa miaka thelathini na miwili, mchana kweupe, nalia na sufuria mkononi. Nikasema Nasimiyu alifanya vizuri kumchukua mtoto.

Kulia kulipokwisha nikabaki nimeitazama kabati. Ilikuwa imefungwa, na sikuweza kukumbuka ndani mna nini. Nikafungua: sukari, mishumaa, barua yako ya mwezi wa tano niliyodhani nimeijibu. Nikaona jambo jipya kuhusu mimi, kwamba kitu nisichokiona huwa kimefutika kabisa, hakipo duniani. Nikachukua bisibisi nikang'oa milango ya kabati yote miwili. Kisha nikavuta lile sanduku kutoka chini ya kitanda. Nikatoa leso za marehemu, nikazifua, nikazikunja, nimemwekea Nafula. Sanduku nikalibomoa nikatengeneza rafu za wazi ukutani. Nilisita sana kabla ya kulivunja, Dada, lilikuwa lake. Lakini nyumba yangu haiwezi kuwa na mahali pa kufichia.

Vyombo nikapunguza. Nimebaki na sahani mbili, vikombe viwili, sufuria mbili. Vingine nimevifunga kwenye gunia vikakaa kwa mkwe wa Mama Mghoi. Mtu mwenye sahani mbili hawezi kurundika sahani kumi. Karai la vyombo naliweka kizingitini, siwezi kutoka bila kuliruka, na nikichoka kuliruka naosha. Na kuna gari la mizigo linaloingia jioni kutoka Taveta. Likipiga honi nainuka, liwe limechelewa au limewahi, sijiulizi kama nataka. Kuna siku inafanya kazi. Kuna siku linapiga honi nami nalisikiliza tu, nikiwaza kama limebeba mkonge au ndizi.

Nguo ndizo zilizonishinda kabisa. Nikamweleza Kilonzo, kwa aibu nyingi. Akakuna tumbo akasema mkewe amekwenda Machakos kujifungua na yeye mwenyewe ana shati moja safi. Jumamosi akaja na furushi lake. Tukakaa kwenye mfereji, kila mtu na karai lake na kipande chake cha sabuni, tukafua kimya kama watu walio kwenye mtihani. Wanawake wa ploti walitoka wote kutazama. Mmoja akauliza, "Haya, leo nani amemwoa mwenzake?" Kilonzo akajibu, "Mimi nashika ngazi tu," na hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi, nikacheka mpaka povu likaniingia jichoni. Tangu siku hiyo Jumamosi moja anakuja kwangu, nyingine naenda kwake. Mkewe amesharudi na mtoto wa kiume, lakini hatujaacha, na mkewe amesema anayetaka kutuachisha apite kwake kwanza.

Mama Mghoi aliporudi na maharagwe yake alizunguka nyumba yangu, akagusa rafu, akatazama kabati isiyo na milango, akasema, "Umekuwa duka." Halafu akaketi, akasema jambo ambalo nimelifikiria sana. Alisema, "Mlete mtoto basi. Akikaa hapa mlangoni na daftari lake, wewe utafanya kazi kila siku, wala hutanihitaji mimi." Ni kweli kabisa. Ingefanya kazi. Nafula akiwa ndani ya nyumba, ningeosha mpaka ukuta.

Nikamwambia hapana. Mtoto haletwi kumshikia baba yake ngazi. Akiletwa hivyo, siku atakayougua au kukasirika au kutaka kucheza nje, nyumba itaanguka, naye atadhani ameiangusha yeye. Wewe ulikaa mlangoni kwangu miaka mingapi ukisikia wenzako wanaruka kamba? Nafula akija, aje kuwa mtoto. Ngazi yangu watashika watu wazima, Kilonzo Jumamosi, Mama Mghoi jioni akiwepo, na asipokuwepo ni mimi na karai langu kizingitini.

Sasa nijibu swali lako. Nyumba iko hivi, leo, saa hii ninapoandika, na sikufagia kabla ya kuandika. Madebe mawili yamejaa maji yamefunikwa. Kitanda kimetandikwa. Nimepika leo, wali na maharagwe, na nimekula chakula kikiwa moto. Kuna sufuria ya ugali iliyoloweshwa tangu jana mchana, sijaigusa. Kuna mashati mawili machafu kwenye msumari. Vumbi liko juu ya rafu ya juu, naliona kutoka hapa. Kwa wiki, vyombo huvikamilisha siku nne, siku tano nikijitahidi, na siku zinazobaki vinalala hadi kesho yake, hadharani, ambako kila mtu anaviona. Chakula kilicholala nakitupa siku hiyo hiyo, hilo sijalikosa tangu Pasaka hata mara moja. Maji ya kunywa nachemsha. Shule iko karibu, na wajukuu wa Mama Mghoi wanasoma hapo, wanakwenda na kurudi pamoja.

Sijapona, kama kuna kupona. Ninamtaka mtoto wangu, Dada, namtaka mpaka naona aibu. Lakini safari hii amua wewe, ukiwa unajua ninachokijua mimi. Ukiniandikia "bado", nitaumia, na sitabisha.

Msalimie sana Mama, mwambie aende kliniki, asimsumbue mwanawe kwa mawazo. Msalimie shemeji yangu mwalimu na umwambie ile redio yake mliyoniletea Pasaka nimeitengeneza imekwisha, kweli imekwisha, imefungwa kwenye karatasi. Msalimie mama mdogo anayeuza samaki sokoni, na binamu zetu wa ng'ambo ya mto, na mzee jirani aliyemfundisha Nafula kuendesha ng'ombe. Kilonzo anakusalimu ingawa hakujui. Mama Mghoi anasema ukija, uje na kazi yako ya mkono.

Nafula usimwambie kwamba baba yake amebadilika. Usimwambie chochote. Na wewe, ukiamua kuja, usiniandikie siku. Usitume ujumbe stesheni. Panda naye gari tu, mshuke, mtembee mpaka Kaloleni, na mkifika msipige hodi.

Ni mimi ndugu yako uliyemkalia mlangoni na kitabu chako,
Wafula